Neno Lililoachana na Maana: Historia ya Kuunda Maneno ya Kiingereza kwa Herufi Ulizopewa

Chukua herufi nne za Kiingereza: A, D, E na R. Ajuaye lugha hiyo hatataabika kuzipanga zikawa read, yaani kusoma, kisha dear, mpendwa, kisha dare, kuthubutu. Maneno matatu yasiyo na udugu wowote wa maana yamezaliwa na herufi zile zile. Jambo hili limewashangaza watu kwa zaidi ya miaka elfu mbili, katika lugha nyingine kabla ya Kiingereza, na kila zama zimelieleza kwa namna yake. Siku hizi tunaliona kuwa burudani: fumbo la gazetini, mchezo wa kwenye simu, Scrabble mezani baada ya chakula. Lakini anayeifuata historia yake kwa makini atakuta mabadiliko makubwa kuliko burudani. Mchezo huu ulianza wakati maana ilipokuwa ndiyo kila kitu, herufi zikipanguliwa ili zitoe siri ya jina la mtu. Leo umefika mahali ambapo bingwa wa dunia anaweza kushinda kwa maneno asiyojua maana yake. Wengi huuona mwisho huo kuwa hasara. Hoja yangu ni kinyume cha hivyo: kuachana kwa neno na maana ndiko kulikoutoa mchezo huu mikononi mwa waliozaliwa na Kiingereza na kuuweka mbele ya yeyote aliye tayari kuusomea.

Hadithi kongwe inayotajwa sana inatoka Alexandria, karne ya 3 kabla ya Kristo, katika ikulu ya Ptolemaios wa Pili. Inasimuliwa kuwa mshairi Lykophron alizipangua herufi za jina la mfalme zikatoa maneno ya Kigiriki apo melitos, yaani kutoka kwenye asali. Sifa hiyo haikuwa utundu wa lugha tu. Mshairi alikuwa akimwambia mtawala kwamba utamu ulifichwa ndani ya jina lake tangu siku alipopewa, na kwamba kazi ya mshairi ilikuwa kuufichua. Fikra kwamba jina limebeba habari za mwenye jina, na kwamba herufi zikiguswa kwa ustadi zitazitoa habari hizo, si ngeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Wenye elimu ya falaki wamekuwa wakihesabu majina kwa abjadi, kila herufi ya Kiarabu ikiwa na thamani yake ya namba, ili kuijua nyota ya mtu. Njia zinatofautiana, kwani abjadi hujumlisha na anagramu, kama ile ya Lykophron, hupangua, lakini imani iliyo chini yake ni moja. Huko Ulaya imani hiyo ilipanda hadi kwenye viti vya enzi: Mfalme Louis wa Kumi na Tatu wa Ufaransa, aliyetawala tangu 1610 hadi 1643, alikuwa na mtu wake, Thomas Billon, aliyelipwa kwa kazi ya kutunga anagramu.

Uingereza haikubaki nyuma. Mwanahistoria William Camden, katika kitabu chake Remaines cha mwaka 1605, alitenga sura nzima kwa anagramu, na humo akaziandika ruhusa ambazo watungaji walijipa: herufi H huweza kuachwa au kubakizwa, V huweza kusimama mahali pa W, S mahali pa Z, na C mahali pa K. Ruhusa hizo ndizo zinazoeleza kisa cha Lady Eleanor Davies, mwanamke wa ukoo mkubwa aliyeamini kuwa roho ya nabii Danieli imemshukia. Ushahidi wake ulikuwa jina lake. Eleanor Davies, akasema, ukilipangua linatoa Reveal O Daniel, wito wa kumtaka Danieli afunue yaliyofichika. Alichapisha tabiri zake, na mwaka 1633 akafikishwa mbele ya mahakama kuu ya kanisa. Maaskofu walijaribu kumshinda kwa Maandiko, wasimweze. Ndipo mwanasheria mmoja wa mahakama hiyo, Sir John Lambe, alipochukua kalamu, akalipangua jina hilo likiwa na cheo chake, Dame Eleanor Davies, na kumsomea matokeo: Never soe mad a ladie, kwamba hapajapata kuwa na bibi mwenye wazimu kama yeye. Mahakama iliangua kicheko, na unabii wake ukaporomoka mbele ya watu, ingawa mwenyewe aliendelea nao hadi kufa kwake.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, nami nadhani kinastahili kutazamwa vizuri zaidi. Anagramu ya Lady Eleanor ilikuwa na kasoro: ina L moja ya ziada na inakosa S. Anagramu ya Lambe ni kamili, herufi 17 kwa herufi 17. Kwa hiyo aliyeshinda mahakamani alishinda kwa hesabu, hata kama watu walidhani ameshinda kwa kejeli. Lakini tazama pia tahajia aliyoitumia. Soe na ladie ni maneno ambayo Kiingereza cha leo kinayaandika so na lady, na kwa tahajia ya leo ushindi wake usingewezekana. Katika karne ya 17 neno la Kiingereza halikuwa na sura moja iliyokubaliwa. Mtu mmoja aliweza kuliandika kwa namna mbili katika ukurasa mmoja. Mchezo wa herufi hauwezi kuwa na kanuni kali mahali ambapo maneno yenyewe hayajakubaliana yaandikwe vipi. Ilibidi wapiga chapa waizoeshe nchi tahajia moja kwa vizazi kadhaa, na kamusi kubwa ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ikaipa tahajia hiyo heshima ya kitabu. Mapema kidogo, mwaka 1711, Joseph Addison alikuwa amekwisha kuzishambulia anagramu katika gazeti lake The Spectator. Akili ya kweli, alidai, hutegemea mfanano wa mawazo. Ile ya uongo hutegemea mfanano wa herufi. Addison alikusudia kuua mchezo huo. Alichofanya, bila kukusudia, ni kueleza kwa usahihi kitakachoufanya uishi: herufi zimeanza kutazamwa mbali na mawazo.

Kabla Addison hajazaliwa, wanasayansi walikuwa wamegundua matumizi ya herufi zisizo na maana. Mwaka 1610 Galileo alimtumia Kepler msururu wa herufi usiosomeka. Zikipangwa sawasawa zilitoa sentensi ya Kilatini iliyotangaza kuwa sayari ya mbali kuliko zote, Zohali, inaonekana kama vitu vitatu. Lengo lilikuwa kuweka rehani ya ugunduzi: mwingine asiuibe, na mwenyewe aweze kuthibitisha baadaye kwamba alikuwa wa kwanza. Kepler alihangaika na herufi hizo akazipanga, akibaki na Kilatini kibovu kidogo, zikampa habari kwamba Mirihi ina miezi miwili. Alikosea kabisa kuhusu kilichoandikwa, na kwa sadfa ya ajabu alikuwa sahihi kuhusu mbingu, kwani miezi miwili ya Mirihi ilionekana kwa darubini mwaka 1877. Robert Hooke alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1676 aliifunga kanuni yake ya kunyumbuka kwa chemchemi katika herufi zilizopangwa kialfabeti, ceiiinosssttuv, akaifungua miaka miwili baadaye kuwa ut tensio, sic vis, kwamba nguvu hulingana na mvuto. Hooke hakujisumbua kutunga neno la kupoteza watu. Aliziorodhesha herufi tu, kama mwenye duka aorodheshavyo shehena. Hapo tunaona wazi kwamba fungu la herufi ni kitu chenyewe, kinachoweza kuhesabiwa na kupangwa kabla ya kuulizwa lina maana gani.

Karne moja na zaidi ilipita kabla herufi hazijashikika mkononi. Katika riwaya ya Jane Austen iitwayo Emma, iliyotoka mwishoni mwa 1815, wahusika huketi mezani na kisanduku cha herufi ambazo Emma alikuwa amewaandikia wapwa zake, wakipeana mafungu ya kupangwa. Frank Churchill huyatumia kupitisha ujumbe wa siri kwa mwanamke anayempenda, neno blunder kisha neno Dixon, huku wengine wakidhani ni mchezo wa watoto. Austen aliona ambacho wanahistoria wa michezo hukipita upesi: herufi zikishatengana na karatasi, mtu aweza kuzisukuma kwa kidole, kujaribu na kuvunja, na akili hufanya kazi tofauti na ile ya mwenye kalamu. Hata hivyo mezani pale maana bado ndiyo mtawala, kwani neno lisilo na ujumbe lisingekuwa na faida kwa Churchill. Nusu ya pili ya karne hiyo ilileta michezo mingi ya vibao na kadi za herufi katika nyumba za watu wa tabaka la kati, pamoja na mashindano ya magazetini ya kutoa maneno mengi iwezekanavyo ndani ya neno moja refu. Lewis Carroll, aliyependa pia kupangua majina ya wanasiasa, alianzisha mwaka 1879 katika jarida la Vanity Fair fumbo la kubadili herufi moja moja hadi neno ligeuke kuwa jingine. Mwaka uliofuata aliandika katika shajara yake wazo la mchezo wa herufi zitakazosogezwa juu ya ubao wa sataranji hadi ziunde maneno. Hakuutengeneza.

Kilichokuwa kimekosekana ni hesabu, na hesabu hiyo ina asili isiyotajwa vya kutosha. Katika karne ya 9 huko Baghdad, mwanafalsafa al-Kindi aliandika risala juu ya kufumbua maandishi ya siri, na humo akaeleza kuwa kila lugha ina herufi zinazojirudia sana na zinazojirudia kidogo. Hesabu herufi za matini ya kawaida, hesabu alama za matini ya siri, kisha linganisha. Msingi wa kila mchezo wa herufi wenye pointi umo katika mafundisho hayo. Karne ya 19 kanuni hiyo iliingia viwandani. Alfred Vail, mshirika wa Samuel Morse, alikwenda kwenye kiwanda cha chapa huko Morristown, New Jersey, kuhesabu herufi za risasi zilizowekwa akibani, ili herufi itumikayo sana ipewe ishara fupi ya simu ya maandishi. E, iliyokuwa na vipande 12,000, ikapata nukta moja. Z ilikuwa na 200. Mashine ya kupanga chapa ya Linotype, iliyoanza kazi New York mwaka 1886, nayo ilipanga vibonye vyake kwa wingi wa matumizi, E ikifuatwa na T, A, O, I na N. Wapiga chapa walikuwa wakiijua tabia ya Kiingereza kuliko washairi, kwa kuwa wao ndio walioishiwa na herufi katikati ya kazi.

Alfred Mosher Butts aliirithi elimu hii yote. Alikuwa msanifu majengo wa New York aliyepoteza kazi mwaka 1931, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, akaamua kubuni mchezo wa kuuza. Aliigawa michezo ya mezani katika mafungu matatu: ya namba, ya kusogeza vipande na ya maneno, akaona kuwa fungu la tatu halina mchezo mkubwa wenye hesabu. Alikuwa ameisoma hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1843, The Gold-Bug, ambamo fumbo la hazina linafumbuliwa kwa kuhesabu herufi. Lakini mpangilio uliomo katika hadithi hiyo una makosa, kwani Poe aliiweka T nyuma sana ilhali katika Kiingereza hufuata E. Butts hakumtegemea. Aliketi na kurasa za magazeti, likiwemo The New York Times, akahesabu mwenyewe, herufi baada ya herufi. Kutokana na hesabu hiyo zilipatikana kete zinazojulikana leo: 100 kwa jumla, E zikiwa 12, A na I 9 kila moja, O 8, N, R na T 6 kila moja, hadi kufikia Q na Z zenye kete moja moja na pointi 10, pamoja na kete mbili tupu. Mahali pamoja aliipindisha hesabu kwa makusudi. S hutokea mara nyingi katika Kiingereza, lakini kwa kuwa huzalisha wingi wa karibu kila nomino, alizipunguza hadi 4 ili mchezaji asipate maneno kwa urahisi mno. Uamuzi huo mmoja unaonyesha jinsi alivyokielewa Kiingereza: alikiona kama mtambo wenye valvu inayovuja, akaifunga.

Mchezo wake ulianza bila ubao, ukiitwa Lexiko, mwaka 1933. Mwaka 1938 akauongezea ubao na kuruhusu maneno yakatizane, kwa kuiga mafumbo ya maneno mtambuka ambayo Arthur Wynne aliyaanzisha katika gazeti la New York World mwezi Desemba 1913. Viwanda vilimkatalia kimoja baada ya kingine. James Brunot wa Connecticut ndiye aliyeuchukua, akauita Scrabble na kulisajili jina hilo mwaka 1948. Mwaka uliofuata alitengeneza seti 2,400 na kupata hasara ya dola 450. Miaka michache baadaye maduka makubwa yaliuchangamkia, na mwaka 1954 ziliuzwa seti karibu milioni 4. Ya biashara yanatosha. Lililo muhimu kwetu ni lililotokea nyumbani kwa wale mamilioni ya wanunuzi: waligombana. Kila mtu aliweka neno na jirani yake akalikataa, na kanuni za mchezo hazikuwa na jibu ila kuwaelekeza kwenye kamusi yoyote waliyokubaliana.

Ugomvi huo ndio uliomaliza utawala wa maana. Kamusi ya kawaida huandikwa kwa ajili ya anayetaka kuelewa. Haimwambii mchezaji kama kitenzi fulani kinakubali kiambishi fulani, wala haioni haja ya kuorodhesha kila umbo la wingi. Waingereza walitumia kamusi ya Chambers kwa miaka mingi, Wamarekani wakatengeneza yao rasmi ya wachezaji mwaka 1978, na mwisho kamusi ikavuliwa ufafanuzi wote ikabaki orodha tupu ya sura zilizoruhusiwa. Orodha ya Collins, itumikayo karibu duniani kote nje ya Amerika Kaskazini, ina maneno takriban 280,000. Ile ya Amerika Kaskazini ina zaidi ya 190,000. Yapo maneno ya herufi mbili zaidi ya 120 katika ya Collins, mengi Mwingereza wa kawaida hajawahi kuyatamka, na wakati huohuo OK, linalotamkwa kila dakika, lilisubiri hadi 2019 kuingizwa. Ndani ya orodha hiyo msomaji wa Kiswahili atakutana na wenyeji: safari, bwana, askari, panga, uhuru, ugali, matatu, mzee. Yamo kwa sababu kamusi za Kiingereza ziliyapokea, na yakishaingia hufuata sheria ya mwenye nyumba, hata bwana akapata wingi wake kwa kuongezewa S. Ubaoni, neno lililotoka Mombasa na lililotoka kwa Shakespeare yana haki sawa, kwa kuwa ubao hauulizi asili.

Orodha ikishafungwa, kusomea mchezo kunakuwa kazi nyingine kabisa. Herufi saba zisizojirudia hupangika kwa namna 5,040, na mafungu tofauti ya kete saba yanayoweza kutoka kwenye mfuko wa Scrabble ni 3,199,724. Hakuna kichwa kinachoweza kujaribu mipangilio yote hiyo wakati saa inakwenda. Njia waliyoigundua wachezaji ni ile ile ya Hooke: panga herufi kialfabeti. AEINRST ni sura moja ambayo nyuma yake yamo retains, nastier, retinas, stainer na mengine, na aliyeihifadhi sura hiyo hutoa majibu yake papo hapo, bila kubahatisha. Watunzi wa programu za kompyuta walitumia maarifa ya aina hiyo hiyo: mwaka 1988 Andrew Appel na Guy Jacobson walichapisha njia ya kuihifadhi orodha nzima ili kompyuta ipekue ubao kwa kasi kubwa, na mwaka 2006 programu iitwayo Quackle ilimshinda David Boys, bingwa wa dunia wa 1995, katika mashindano huko Toronto. Mashine haikujua maana ya neno hata moja. Mwaka 2015 binadamu alionyesha jambo lile lile. Nigel Richards wa New Zealand, bingwa mara kadhaa kwa Kiingereza, alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa akiwa hazungumzi Kifaransa, baada ya kuisomea orodha kwa takriban wiki tisa. Mwaka 2024 akafanya hivyo kwa Kihispania.

Hapa ndipo penye pingamizi la kwanza, na lina uzito. Neno bila maana, watasema wengi, ni maganda. Anayekariri maganda 280,000 hajaongeza chochote katika Kiingereza chake, na lugha nzima inageuzwa kuwa akiba ya takwimu. Ninakubali kuwa kitu kimepotea. Starehe ya Camden, ya kukuta tabia ya mtu ndani ya jina lake, haimo kabisa katika Scrabble ya mashindano. Lakini wanaotoa pingamizi hili kwa kawaida ni wale ambao maana walipewa bure utotoni. Mchezo unaotegemea upana wa msamiati wa nyumbani humpa ushindi aliyezaliwa katika nyumba yenye vitabu vya Kiingereza. Mchezo unaotegemea orodha iliyo wazi humpa ushindi aliyekesha nayo. Tazama mabingwa wa dunia tangu mashindano ya kwanza yalipofanyika London mwaka 1991. Panupol Sujjayakorn wa Thailand alishinda mwaka 2003, na Pakorn Nemitrmansuk, Mthai mwenzake, mwaka 2009, wote kutoka nchi isiyowahi kutawaliwa na Waingereza. Mwaka 2015 mjini Perth, Wellington Jighere wa Nigeria alimshinda Mwingereza Lewis Mackay katika fainali kwa mizunguko minne mfululizo, akawa Mwafrika wa kwanza kulitwaa taji hilo. Tena Wanigeria walikuja na fikra yao. Wakati wengine walikimbilia maneno marefu yenye zawadi ya pointi 50, wao walisomea maneno ya herufi tano au karibu na hapo, wakaubana ubao na kutunza kete nzuri kwa zamu ijayo. Huo si ukariri mtupu. Ni fikra ya kimchezo iliyopata nafasi kwa sababu swali la nani anakijua Kiingereza zaidi lilikwisha kuondolewa mezani.

Mfano wa upande wa pili unathibitisha jambo hili. Katika Countdown, kipindi cha televisheni kilichoifungua Channel 4 ya Uingereza tarehe 2 Novemba 1982 kwa kuiga kipindi cha Kifaransa cha Armand Jammot, washindani hupewa herufi tisa na sekunde 30 za kutoa neno refu kuliko yote. Kamusi ipo studioni, mtaalamu wake husoma ufafanuzi, na watazamaji hufurahia kusikia habari za neno. Ni kipindi kizuri, na nakiheshimu kwa kuiacha maana ikae kitini. Lakini kimebaki cha Waingereza, kwa ladha na kwa washindani wake. Mbelgiji Hippolyte Wouters alibuni mwaka 1972 utaratibu wa kuwapa wachezaji wote wa Scrabble herufi zile zile kwa wakati mmoja, kila mtu akitafuta neno lenye pointi nyingi zaidi, na kwa utaratibu huo bahati ya mfuko ilitoweka. Ulimwengu wa Kifaransa uliupokea, na mashindano yake yamewakutanisha Wabelgiji na Wasenegali katika ukumbi mmoja, Dakar ikiwa mwenyeji mwaka 2008. Kadiri mchezo unavyopunguza yale ambayo mtu hakuyafanyia kazi, iwe bahati au malezi, ndivyo unavyopata wachezaji wa mbali.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya mchezo wenyewe, na ndilo gumu kuliko yote. Ikiwa neno ubaoni halina maana, matusi nayo hayana maana. Hiyo ndiyo hoja waliyoitoa wachezaji wengi katika miaka ya 1990, kampuni yenye haki za Marekani ilipotaka kuyafuta maneno ya kuudhi. Wakapata suluhu ya kubaki na orodha yao ya mashindano. Mwaka 2020 chama cha wachezaji cha Amerika Kaskazini kiliyaondoa maneno zaidi ya 200 ya kudhalilisha watu, na mwaka 2021 Mattel, yenye haki za nje ya Marekani na Kanada, iliondoa takriban 400. Wapo waliolalamika kuwa siasa imeingia katika hesabu. Sikubaliani nao, ingawa hoja yao inafanana na yangu. Kuachana kwa neno na maana ni makubaliano ya wachezaji wawili walioketi mezani, na makubaliano hayamlazimishi asiyeridhia. Mchezaji mweusi anayeandikiwa pointi mbele yake kwa neno ambalo babu zake walitukaniwa hakuridhia chochote. Maana iliyoondolewa ili kumwalika mgeni haiwezi kutumika kama ngao ya kumfukuzia mgeni yule yule. Waliofuta maneno hayo hawakuivunja mantiki ya mchezo; waliifuata hadi mwisho wake.

Lipo na la tatu, ambalo msomaji wa huku atakuwa amekwisha kulifikiria: kwa nini tuhangaike na herufi za Kiingereza? Kenya na Uganda zimepeleka wachezaji kwenye mashindano ya dunia, na bidii yao inakwenda kwenye orodha iliyofungwa Glasgow na London. Jibu la haraka, kwamba tutengeneze kete zetu, haliepuki yale yaliyoonekana katika historia hii. Mchezo ulihitaji tahajia iliyotulia, hesabu ya herufi na orodha iliyofungwa, kwa mpangilio huo. Tahajia Kiswahili kinayo. Kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki ilianza kuisanifisha mwaka 1930, na Kiingereza kingeionea wivu. Hesabu ni kazi ya siku chache: Q na X zitaondoka, C itaambatana na H, na A itahitaji kete nyingi kuliko hata E ya Butts. Hata hivyo mapokeo yetu ya kuchezea maneno hayakuegemea herufi. Katika kinyume, lugha ya mafumbo ya pwani, silabi ya mwisho hutangulizwa mbele na nyumba ikawa mbanyu; kinachohamishwa ni silabi nzima, na sikio ndilo linalohukumu.

Orodha ndiyo itakayotushinda au kutujenga. Butts aliona S moja inavuja akaibana kwa kete nne. Kitenzi cha Kiswahili huvuja kila upande, mbele kwa nafsi na njeo na yambwa, nyuma kwa kauli, na shina moja hutoa maelfu ya maumbo ambayo hakuna kamusi iliyowahi kuyaorodhesha. Hawajatusomesha lina herufi 15, upana mzima wa ubao wa Scrabble kutoka ukingo hadi ukingo, na kila msemaji wa Kiswahili hulielewa mara moja bila kulikuta katika kamusi yoyote. Mtunzi wa seti ya Kiswahili atalazimika kuamua kama hilo ni neno lenye haki ya kuwekwa ubaoni au ni sentensi kamili, na asipolikubali itambidi aseme ni katika kiambishi gani lilipoacha kuwa neno.